Fedha za Kuzuia Moto: Ombi la Mtaa Lipelekwe Wapi, na Lini?

Mtaa unaohitaji bomba la maji ya zimamoto, njia ya kupitisha gari au mitungi ya kuzimia moto unaweza kuomba fedha za umma. Hata hivyo, hakuna fomu moja ya ruzuku ya kujazwa wakati wowote. Fedha hizo hupatikana kupitia bajeti, na bajeti ina kalenda yake. Mtaa ukichelewa, husubiri mwaka mwingine.

Kwa wakazi wa bara, kusubiri kuna hatari yake. Gari la zimamoto likitoka kisiwani lazima livuke maji: Daraja la Nyali kuelekea Kisauni, Makupa kuelekea Changamwe, na feri kuelekea Likoni, ama lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Penye nyumba zilizoshikana na paa za makuti, moto haungoji foleni ipungue. Kinachookoa watu dakika za mwanzo ni kile kilichowekwa mtaani mapema.

Nani anahusika?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga. Kwa hivyo ombi la mtaa hupelekwa kwa kaunti, kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi na mwakilishi wa wadi.

Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mlango wa pili wa bweni au madirisha yasiyo na vyuma ni ombi la bodi ya shule, na miradi ya aina hiyo imekuwa ikipelekwa kwa kamati ya NG-CDF ya eneo bunge. Chekechea ni za kaunti.

Mwenye kiwanda, ghala au duka asitarajie fedha hizi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri mwenyewe kuweka vifaa vya kuzimia moto mahali pa kazi.

Tarehe za kukumbuka

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012:

- Septemba 1: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwa umefikishwa katika Bunge la Kaunti.
- Februari 28: Waraka wa mwelekeo wa matumizi, unaoonyesha kiwango cha fedha cha kila idara, huwasilishwa.
- Aprili 30: Makadirio ya bajeti huwasilishwa.
- Juni 30: Bajeti huwa imepitishwa.

Wengi hujitokeza kwenye vikao vya maoni mwezi Mei, wakati viwango vya idara vimeshapangwa. Wakati mzuri wa kupeleka ombi ni kabla ya Septemba, mradi uingie kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Vikao vya baadaye ni vya kuulinda usije ukaondolewa.

Wapo wanaotegemea fedha za dharura. Sheria inaruhusu zitumike kwa tukio lisilotarajiwa na lisiloweza kungoja, na malipo ya mwaka mzima hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Hizo ni za kukabiliana na janga, si za kulizuia.

Ombi liwe na nini?

Barua ya ukurasa mmoja au miwili inatosha, ikiwa na:

1. Mahali kamili: wadi, mtaa na alama inayojulikana, kama msikiti, kanisa au shule.
2. Hatari yenyewe: mioto iliyowahi kutokea, idadi ya nyumba, nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo, au gari linapokwamia.
3. Kitu kimoja kinachoombwa, kikiwa cha kwanza kwa umuhimu.
4. Hali ya ardhi. Mradi juu ya kiwanja chenye mgogoro hukwama, jambo ambalo wakazi wa Likoni wanalifahamu vyema.
5. Nani atatunza kifaa baada ya kuwekwa.
6. Majina na sahihi za wakazi, wakiwemo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Nakala ibaki mtaani, ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo ni vigumu kuuliza ombi limefikia wapi.

Sehemu ya mtaa

Kuna jambo ambalo bajeti haiwezi kununua. Bomba lililozibwa na kibanda halisaidii, na njia iliyopanuliwa ikijengwa tena upya hurudi kuwa kichochoro. Kabla ya kutia sahihi, wazee wa mtaa, wenye nyumba na wafanyabiashara wakubaliane njia ipi itabaki wazi na nani atasogeza kibanda chake. Makubaliano hayo yaandikwe ndani ya ombi.

Maelezo ya tarehe na mahali pa vikao vya maoni yanapatikana katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Moto ukizuka, piga 999 au 112.