Mwenye Bunduki na Wajibu wa Kuihifadhi

Aghalabu aliyeibiwa hupewa pole. Tukisema "Fulani ameibiwa bastola", sarufi yenyewe humfanya mtendwa, na lawama yote humwendea mwizi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimwachilii kwa wepesi huo. Humtaka kila mwenye silaha kuiweka mahali salama na kuchukua tahadhari zote zifaazo ili isipotee, isiibwe, wala isifikiwe na asiyeruhusiwa.

Neno "mwenye" linafaa sana hapa. Wajibu huu haumhusu mmiliki pekee, bali pia yeyote aliye nayo mkononi, hata kama si yake. Na Kiswahili, kwa bahati njema, huwajumuisha wote wawili katika neno hilo moja.

Bastola iliyowekwa chini ya mto, au garini chini ya kiti, imefichwa tu; haijahifadhiwa. Kuficha hutegemea mwizi asijue ilipo. Kuhifadhi huhitaji kasha la chuma lililokazwa ukutani, risasi zilizotengwa, na ufunguo usiofikiwa na watoto wala wageni. Ikiibwa licha ya hayo, polisi waarifiwe mara moja, kabla haijatumiwa kumdhuru mtu.