Eksirei ya mchimbaji: ni nani anayeisoma?

Mchimba dhahabu anapoacha mgodi hubakiwa na vitu vichache vya kuonyesha kwamba alifanya kazi: kitambulisho cha kampuni, kama hakikupotea; jina lake katika vitabu vya walioandikishwa; na mapafu yake. Hayo mapafu ndiyo shahidi asiyeweza kunyang'anywa. Lakini ushahidi wao hausikiki mpaka mwenyewe apigwe picha ya eksirei na mtu aisome. Katika miaka ya karibuni utafiti mwingi umefanywa juu ya kazi hiyo ya kusoma, na sehemu yake sasa inafanywa na kompyuta. Habari hizi zinatuhusu sisi wafanyakazi kuliko zinavyowahusu wauzaji wa mitambo, na ndiyo maana tumeonelea tuwaeleze ndugu zetu wa nchi jirani kwa kirefu kidogo.

Kwanza tukumbushane ugonjwa wenyewe. Mwamba wenye dhahabu katika Afrika Kusini umejaa madini ya jamii ya mchanga mgumu. Baruti ikilipuka, au mashine ya kutoboa ikifanya kazi, hutoka vumbi. Chembe kubwa mtu huzipenga au kuzitema. Zinazodhuru ni zile zisizoonekana kwa macho, ambazo hupita puani na kooni mpaka kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Huko mwili hujaribu kuzimeza usiweze, na pole pole mapafu hufanya makovu, vinundu vidogo vidogo vigumu, hasa sehemu za juu. Huo ndio ugonjwa wa silikosi. Hauna dawa. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka kumi, kumi na tano au zaidi tangu mtu aanze kuvuta vumbi, na huendelea hata akiwa amekwisha kuacha kazi na kurudi kwao kulima. Tena humfungulia mlango ndugu yake, kifua kikuu: mwenye silikosi yuko katika hatari ya kupata kifua kikuu mara tatu au zaidi kuliko asiye nayo.

Wazee wa Mbeya na Rungwe watalikumbuka jina la Wenela, shirika lililokuwa likiandikisha manamba wa kwenda migodi ya Witwatersrand. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 uandikishaji huo ulikatishwa, maana serikali haikukubali watu wake wawe manamba wa makaburu. Lakini watu wa Lesotho, Msumbiji, Malawi, Botswana na Swaziland, ambayo leo yaitwa Eswatini, waliendelea kwenda kwa miaka mingi, na vumbi wakarudi nalo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 uliwapima wachimbaji 624 wa Lesotho walioacha kazi, na karibu robo yao walikutwa na silikosi. Kule Afrika Kusini kwenyewe, ambako sheria inaruhusu moyo na mapafu ya mchimbaji aliyefariki kupelekwa Johannesburg kuchunguzwa, wachimba dhahabu Weusi waliokutwa na silikosi walikuwa 3 katika kila 100 mwaka 1975. Mwaka 2007 walikuwa 32 katika kila 100. Sehemu ya sababu ni kwamba zamani manamba alikuja kwa mkataba mfupi akarudi, na baadaye watu wakabaki chini ya ardhi miaka ishirini mfululizo.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo usomaji wa picha unapokuwa jambo la kufa na kupona. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1973 juu ya magonjwa ya migodini inatoa fidia kwa silikosi na kwa kifua kikuu pia. (Mpaka mwaka 1993 sheria hiyo iligawa fidia kwa rangi ya ngozi, jambo ambalo halitashangaza mtu.) Pamoja na sheria hiyo kuna mapatano ambayo makampuni sita ya dhahabu yalitia sahihi mwaka 2018 baada ya kushtakiwa na wachimbaji. Mahakama iliyathibitisha Julai 2019, na ukaundwa mfuko uitwao Tshiamiso wa kuwalipa waliofanya kazi katika migodi iliyotajwa kati ya tarehe 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Malipo ya kawaida ni kati ya randi 70,000 na randi 500,000 kufuatana na ukali wa ugonjwa.

Lakini angalieni tofauti hii. Kifua kikuu hulipwa tu kama kilimpata mtu akiwa kazini au katika muda wa mwaka mmoja tangu aache kazi. Silikosi haina kikomo cha namna hiyo, kwa kuwa huchelewa kujitokeza. Basi mtu aliyeacha mgodi mwaka 1995 akianza kukohoa mwaka 2015, neno moja katika karatasi ya daktari ndilo linaloamua. Likiandikwa "kifua kikuu", atapewa vidonge vya miezi sita, naye atashukuru, na asipate senti. Likiandikwa "silikosi na kifua kikuu", vidonge atapata na haki yake anaweza kuidai. Na magonjwa haya mawili kwenye picha hufanana sana: yote hupenda sehemu za juu za mapafu, yote huacha makovu, na mara nyingi hukaa katika kifua kimoja.

Ili wasomaji wa picha wasiwe kila mtu na lake, Shirika la Kazi la Kimataifa limeweka tangu mwaka 1950 utaratibu wa kupima picha za mapafu yenye vumbi. Umerekebishwa mara kadhaa. Mwaka 2011 ulipanuliwa ukubali picha za kompyuta badala ya filamu peke yake, na toleo jipya likatoka mwaka 2022. Msomaji huweka picha ya mfanyakazi kando ya picha za mfano, akalinganisha wingi wa vinundu. Sifuri ni mapafu safi, kisha 1, 2 na 3. Lakini haandiki tarakimu moja, huandika mbili. Akiandika 1/0 maana yake amekata shauri kuwa ni 1, ila alifikiri sana kwamba huenda ni 0. Akiandika 0/1 ni kinyume chake. Mtu wa kawaida ataona ni mchezo wa kugeuza tarakimu. Lakini katika sheria ya Marekani ya wachimba makaa ya mawe, picha ya 1/0 ni ushahidi wa ugonjwa na ile ya 0/1 si ushahidi. Mtu amesitasita kidogo upande huu au upande ule, na nyumba nzima imekula au imelala njaa.

Je, wanadamu husoma vizuri? Uchunguzi mmoja wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 1993 ulichukua picha za wachimbaji zilizopigwa kabla hawajafa, ukazilinganisha na mapafu yao yaliyopasuliwa baada ya kufa. Wasomaji walikuwa watatu, wote wazoefu. Kwa kiwango cha 1/1, kila mmoja wao alikosa kuwaona zaidi ya nusu ya wale ambao mapafu yao kweli yalikuwa na silikosi. Hawakuwa wazembe. Eksirei ya kawaida haina nguvu ya kuonyesha vinundu vikiwa bado vichache na vidogo.

Na kuna kasoro nyingine isiyokuwa ya macho. Mwaka 2013 waandishi wa habari wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya daktari bingwa wa hospitali moja kubwa, ambaye makampuni ya makaa yalimlipia kusoma picha. Katika kesi zaidi ya 1,500 zilizoamuliwa tangu mwaka 2000, hakupata hata mara moja kuona ugonjwa wa vumbi katika hali yake kali. Hospitali ikaisimamisha kazi hiyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wako wanaodhani sayansi haina mwajiri.

Kompyuta imeingia katika hali hiyo. Programu hizi hulishwa maelfu ya picha ambazo majibu yake yanajulikana, mpaka zinajifunza alama za ugonjwa. Kisha zikipewa picha mpya hutoa maksi, tuseme kutoka 0 hadi 100. Huko Dhaka, Bangladesh, programu tano zilijaribiwa kwa picha za watu 23,954 waliopimwa kati ya 2014 na 2016, na zote zilitambua kifua kikuu vizuri kuliko madaktari bingwa watatu waliosoma picha hizo hizo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za namna hii zitumike badala ya msomaji wa kibinadamu katika kuchuja watu wa miaka 15 na zaidi kwa ajili ya kifua kikuu. Pamoja na hayo zimepatikana mashine za eksirei za kushika mkononi, za kilo 3 na nusu, zinazotumia betri. Mahali pasipo umeme wala daktari, mtu anaweza kupigwa picha na kupata jibu kabla hajavaa shati. Sisi hatuna ubishi na jambo hilo. Ni maendeleo ya kweli, na kijiji cha milimani Lesotho kinayahitaji kuliko mji mkuu.

Ubishi wetu uko kwenye swali ambalo programu imeulizwa. Imefundishwa kujibu: je, huyu ana kifua kikuu? Haikuulizwa kama ana silikosi. Tena katika utafiti ule ule wa Dhaka, programu zote zilipungukiwa na uwezo kwa watu wa miaka 60 na zaidi, na kwa wale waliokwisha kuugua kifua kikuu zamani. Nani huyo mwenye miaka zaidi ya 60 na makovu ya zamani, kama si mchimbaji mstaafu? Watafiti wa Afrika Kusini waliliona jambo hili wakajaribu programu nne kwa picha za wachimba dhahabu wenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Kutenganisha mapafu mazima na mabovu ziliweza. Kazi ngumu ni kutenganisha silikosi na kifua kikuu, hasa yote mawili yakiwa pamoja. Inawezekana kuzifundisha kwa picha za wachimbaji, na kazi hiyo imeanza. Lakini mtu ataifanya kwa bidii pale tu anapotakiwa kuifanya. Fedha nyingi za utafiti huu hutoka kwenye mifuko ya kupambana na kifua kikuu, ambayo haikuundwa kutafuta fidia ya mtu.

Jambo jingine ni kiwango. Mwenye programu ndiye anayechagua maksi ngapi zihesabiwe kuwa ni ugonjwa. Akiweka juu, wagonjwa wachache wataitwa na gharama itapungua. Akiweka chini, wengi wataitwa. Kiwango hicho kikipangwa na mtu wa mahesabu, bila chama kuwepo, kitapanda tu.

Wenzetu wapiga picha za eksirei nao wasisahauliwe, kwani kompyuta haimsimamishi mgonjwa wala haimwambii avute pumzi. Picha iliyopigwa nyeusi kupita kiasi huficha vinundu vidogo. Iliyo hafifu huvizusha pasipokuwapo. Mpiga picha anayefanya kazi ya watu watatu kwa siku atatoa picha ambazo hakuna msomaji, awe mtu au mashine, atakayezitegemea.

Huko Australia waliwapima kwa CT wafanyakazi wanaokata mawe ya kutengenezwa kiwandani, yale ya meza za jikoni. Wengi ambao eksirei zao hazikuonyesha kitu walikutwa na silikosi. Mawe hayo yalipigwa marufuku nchini humo tangu tarehe 1 Julai 2024. CT ni ghali na ina mionzi mingi kuliko eksirei, hivyo si ya kumpiga kila mtu kila mwaka. Hata hivyo mtu anayenyimwa fidia kwa sababu eksirei yake "ni safi", ilhali alitoboa mwamba miaka kumi na minane, ana haki ya kuiomba.

Vumbi si la Afrika Kusini peke yake. Mwaka 2016 ulipoanzishwa mpango wa nchi kumi za kusini mwa Afrika wa kupambana na kifua kikuu migodini, Tanzania ilikuwa mojawapo. Watafiti wa hospitali ya Kibong'oto wamewapima wachimbaji wa Mirerani na kukuta silikosi na kifua kikuu pamoja. Wachimbaji wadogo hao hawana kampuni sita za kushtaki. Kwao picha husaidia tiba tu, na fidia bado haina pa kutokea.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama walioko hospitalini jambo dogo. Fomu ya kuombea eksirei ina nafasi ya maelezo, na mara nyingi huandikwa "kikohozi" basi. Andikeni na kazi: alichimba dhahabu, mgodi gani, miaka mingapi. Anayesoma picha, au anayehakiki jibu la kompyuta, atatazama kwa jicho jingine.

Na kwa wachimbaji wenyewe: sheria ya 1973 inampa aliyeacha kazi haki ya kupimwa kila baada ya miaka miwili, na jibu la "hakuna kitu" la mwaka huu halifungi mlango wa miaka miwili ijayo. Ombeni nakala ya picha pamoja na karatasi ya msomaji. Picha za filamu zilizoko nyumbani zitunzwe zikiwa zimelala ndani ya bahasha, mahali pakavu, zisikunjwe wala kuchomekwa kwenye mapaa. Mchimbaji akifariki, wajane na watoto wanaweza kudai kwa mfuko wa Tshiamiso, na wataulizwa ushahidi wa hospitali.