Betri ya Gari Linalokaa Bila Kutembea

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: betri, umeme, volti, ampea. Tutayatumia leo.

Somo letu ni la betri ya motokaa. Pengine utasema, "Mimi sina motokaa, betri yanihusu nini?" Subiri kidogo. Gari si lazima liwe lako ndipo likuhusu.

Tuseme kijiji kina gari moja la zahanati. Gari hilo halitembei kila siku, maana mafuta ni ghali, na wakati wa masika njia huharibika. Sasa limekaa chini ya mwembe muda wa majuma manne. Usiku mmoja mama mjamzito ashikwa na uchungu, na mkunga aona kwamba hapana budi apelekwe hospitali. Dereva aamshwa. Atia ufunguo, apiga stata. Gari lalia "tk, tk, tk," kisha kimya. Mafuta yamo. Injini ni nzima. Magurudumu yana upepo. Kilichokosekana ni umeme katika sanduku moja dogo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya umeme iliyomo katika betri huoza. Ukiiacha bila kuiangalia hupungua siku hadi siku, na ikipungua sana huharibu hata chombo chenyewe. Hilo ndilo jambo la kushika katika somo la leo.

BETRI NI KITU GANI?

Ukifungua boneti, katika magari mengi utaona sanduku la plastiki lenye vichwa viwili vya madini. Ndani ya sanduku mna vyumba sita. Katika kila chumba mna mabamba ya madini ya risasi, nayo yamezama katika maji makali, yaani tindikali iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Vyumba sita pamoja hutoa volti 12 na kidogo. Betri ya risasi ilitengenezwa kwanza na Mfaransa, Gaston Planté, mwaka 1859, na kanuni yake mpaka leo ni ile ile.

Hapo zamani injini ilizungushwa kwa mkono, kwa hendeli. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme. Kazi ya mkono ikawa kazi ya betri, na ndiyo sababu betri isipokuwa na moto gari haliwaki.

Sasa sikiliza kwa makini. Betri inapotoa umeme, tindikali huingia katika mabamba, na maji yanayobaki hupungua ukali. Mabamba nayo hupata utando mweupe. Ukiichaji betri mapema, utando ule huondoka na tindikali hurudi katika maji. Lakini betri ikikaa majuma mengi bila moto, utando huwa mgumu. Ni kama ukoko wa ugali katika sufuria. Ukiloweka sufuria jioni ile ile, ukoko watoka. Ukiacha juma zima juani, utakwangua mpaka uchoke. Kwa hiyo betri nyingi huharibika kwa kukaa bila moto, wala si kwa kazi.

UMEME HUENDA WAPI?

Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni, nani basi anayeutumia umeme? Ziko njia tatu.

Kwanza, betri hujimaliza yenyewe polepole, hata ikiwa haikufungwa kwenye gari. Joto likizidi, nayo hujimaliza upesi zaidi. Basi betri iliyowekwa Dar es Salaam au Mombasa hupungua upesi kuliko ile iliyowekwa penye baridi, kama Njombe au Limuru.

Pili, magari ya siku hizi yana vitu visivyolala: saa, king'ora cha wezi, na kompyuta ndogo za injini. Hivi hunywa umeme kidogo kidogo usiku na mchana.

Tatu, usahaulifu. Mlango haukufungwa vizuri na taa ya ndani yawaka, au mtu alisikiliza redio ya gari akasahau kuizima. Usiku mmoja wa taa kubwa watosha kuimaliza betri nzima.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu. Tuseme vile vitu visivyolala hutumia sehemu 5 za mia za ampea moja, yaani 0.05. Ni kidogo sana. Lakini siku ina saa 24. Zidisha 0.05 kwa 24, utapata 1.2. Hizo tunaziita ampea-saa, yaani umeme uliotumika kwa siku moja.

Sasa tazama ubavuni mwa betri. Mara nyingi ukubwa wake umeandikwa hapo. Tuseme ni ampea-saa 60. Baada ya siku 25, gari litakuwa limetumia 1.2 mara 25, yaani 30. Nusu ya akiba imekwisha, na gari halijasogea hata hatua moja!

Wako watu wasemao, "Mimi gari langu naliwasha kila Jumapili dakika tano, kisha nalizima. Betri yangu ni salama." Hebu tupime maneno hayo. Kwa juma moja gari limetumia 1.2 mara 7, yaani 8.4. Tuseme injini ikinguruma pale pale, alteneta hurudisha ampea 10. Kwa dakika 5 itarudisha ampea-saa 0.8 tu. Ametumia 8.4, amerudisha 0.8. Je, duka la namna hiyo litadumu? Tena injini haikupata moto wa kutosha, kwa hiyo unyevu hubaki ndani ya mafuta ya injini na ndani ya ekzosi, ukaleta kutu.

NJIA NNE ZA KUITUNZA BETRI

Njia ya kwanza ni kulitembeza gari. Mara moja kwa juma liendeshe barabarani muda wa saa moja hivi. Injini ikizunguka kwa nguvu, alteneta hufanya kazi yake sawasawa. Usingoje safari kubwa. Lipeleke kuchukua dawa au mbegu, ili mafuta yasipotee bure. Lakini kumbuka: betri iliyokwisha kabisa haijazwi kwa safari moja. Hiyo yataka chaja.

Njia ya pili ni kufungua waya. Ikiwa gari litakaa majuma mengi, chukua spana ufungue waya wa kichwa chenye alama ya kutoa (–). Katika magari karibu yote ya siku hizi, waya huo ndio uliofungwa kwenye mwili wa gari. Kwa nini tuanze na huo? Kwa sababu ukianza na ule wa kujumlisha (+), na spana ikagusa bodi, cheche kubwa zitaruka, nawe waweza kuungua. Unapofunga, anza na wa kujumlisha, umalize na wa kutoa. Gari jingine hupoteza saa yake, au redio yake hudai namba ya siri, kwa hiyo soma kwanza kitabu cha gari.

Njia ya tatu ni chaja. Kama umeme upo, ichaji betri polepole. Kanuni nyepesi ni sehemu moja ya kumi: betri ya ampea-saa 60, tia ampea 6, muda wa saa 10 au zaidi kidogo kama ilikuwa imekwisha. Betri uliyoifungua ukaiweka ndani nayo huhitaji kuangaliwa kila mwezi, na kuchajiwa ikipungua.

Njia ya nne ni jua. Mahali pasipo na umeme, paneli ndogo ya sola ya volti 12 yaweza kuishikilia betri isishuke. Paneli hiyo iwe na kidhibiti chake, ili isiichaji betri kupita kiasi. Nayo iwekwe juani. Chini ya mwembe haitafaa kitu.

Wazee wengine husema betri isiwekwe juu ya sakafu ya saruji, itanyonywa umeme. Betri za plastiki za siku hizi hazidhuriwi na saruji. Kinachozimaliza ni kusahauliwa.

KUIPIMA NA KUISAFISHA

Kipimo cha volti si ghali, na kila mtu ajuaye kusoma namba aweza kukitumia. Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa. Ukiona 12.6 au zaidi, betri imejaa. Ukiona 12.4, imebaki robo tatu hivi, ichaji. Ukiona 12.2, imebaki kama nusu. Ukiona 12.0, imebaki robo tu, na ukingoja zaidi utando ule mgumu utaanza kazi yake.

Tazama vichwa vya betri. Vikiota ungaunga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Fungua waya, visugue kwa brashi na maji yaliyotiwa magadi kidogo, halafu suuza, kausha, na upake grisi ukiisha kufunga. Maji ya magadi yasiingie ndani ya betri.

Ikiwa betri yako ina vifuniko, angalia kama maji yamefunika mabamba. Yakipungua, ongeza maji safi ya betri yauzwayo dukani. Usitie maji ya kisima wala ya mfereji, maana yana chumvi. Tena usiongeze tindikali. Betri zilizofungwa kabisa usizipasue.

HADHARI

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usivute sigara karibu yake, wala usimulike kwa kibiriti au koroboi. Ichajie mahali penye hewa. Funga nyaya za chaja kwanza, ndipo uwashe umeme. Ukimaliza, zima umeme kwanza, ndipo ufungue nyaya. Tindikali ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi muda wa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali bila kukawia. Watoto wasicheze na betri mbovu, kwa maana risasi ni sumu. Irudishe kwa wauzaji au wanunuzi wa betri chakavu.

DAFTARI LA GARI

Sasa turudi kwenye zahanati ile. Dereva hakuwa mvivu. Hakuna mtu aliyejua betri ilipimwa lini, wala gari lilitembea lini. Kila mtu alidhani mwenzake ameangalia. Dawa yake ni daftari moja la shule, lenye safu nne: tarehe, volti, gari limetembea wapi, na jina la aliyeangalia. Likitundikwa mlangoni pa zahanati, hata mkunga ataliona, naye ataweza kuuliza, "Mbona juma hili hapakuandikwa kitu?"

Na ni nani atakayeliandika? Wewe, ndugu yangu, uliyeingia darasa hili hujui kushika kalamu, na sasa wajua kuandika tarehe na kusoma namba. Kazi hiyo haihitaji fundi. Yahitaji dakika chache kila juma, na mtu asiyesahau.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Kwa nini betri iliyokwisha moto isiachwe hivyo majuma mengi?
2. Gari hutumia ampea-saa 1.2 kwa siku. Kwa siku 10 litatumia ngapi?
3. Ukifungua betri, waanza na waya wenye alama gani? Kwa sababu gani?
4. Chora ukurasa wa daftari la gari wenye safu nne. Uandike mstari mmoja wa mfano.

Kwaheri, ndugu msikilizaji, mpaka somo lijalo.