Uyoga wa Vichuguuni Uliodanganya kwa Umbo

Nchi kavu kama ya Garissa, Wajir na Mandera, ambako malisho husubiri mvua za masika (Gu) na za vuli (Deyr), ndiyo mazingira yanayoifaa Podaxis, jenasi ya uyoga ambao mara nyingi huota juu ya vichuguu vya mchwa. Kofia yake imefumba, na bua limepenya ndani hadi kileleni. Haurushi spora zake. Hukauka ukiwa wima, kofia ikapasuka, na upepo ukabeba spora kama vumbi jeusi. Kwa ajili ya kufumba huko, mwanabotania Linnaeus, aliyeueleza mwaka 1771 kwa sampuli ya India, aliuweka pamoja na uyoga wa mviringo unaotimua vumbi ukikanyagwa. Mwanabotania Desvaux aliupa jenasi yake mwaka 1809, lakini wataalamu waliendelea kuuhesabu katika kundi hilo kwa zaidi ya karne moja. Umbo liliwadanganya. Vinasaba vimeonyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni Coprinus, uyoga wa magamba unaoyeyuka ukawa kama wino, na wote wawili ni wa familia moja na uyoga mweupe wa madukani. Kofia iliyofumba, basi, si alama ya ukoo. Huenda ni kinga dhidi ya jua kali, na koo mbalimbali za uyoga zimeifikia kila moja kivyake.

Kosa la pili linatugusa zaidi. Mwaka 1933 mtaalamu wa uyoga Elizabeth Morse alilinganisha sampuli nyingi akahitimisha kwamba zote ni spishi moja, Podaxis pistillaris. Hakukosa hoja, kwani kimo na rangi ya uyoga huu hubadilika sana. Lakini uchunguzi wa vinasaba vya sampuli za kusini mwa Afrika, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta matawi kadhaa yaliyotengana chini ya jina hilo. Atauliza mtu: mfugaji wa Garissa atafaidi nini? Katika sehemu fulani za India na Pakistan watu huula ukiwa mchanga. Anayedhani wa Garissa ni uleule kwa kuwa jina ni moja, anaamini chakula ambacho hakuna aliyekithibitisha. Wengine watasema spishi zisizotofautishwa kwa macho hazina maana. Lakini hadubini ya kawaida hupima spora, na ukubwa wake husaidia kuyatenga matawi hayo. Sampuli iliyokaushwa, aina ya mchwa wa kichuguu hicho na mahali ilipookotwa: hayo mwanafunzi wa Garissa anaweza kuyakusanya na kuyapeleka Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kabla jina la India halijabandikwa juu yake.