Afisi Ikihama, Watayarishwe Watu Kwanza

Kila mkulima wa kahawa ajua kwamba mche hauhamishwi kwa kung'olewa tu. Mashimo huchimbwa shambani miezi kadhaa kabla ya mvua, kisha hujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Kule kitaluni kivuli hupunguzwa kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Siku ya kuuhamisha inapofika, huchukuliwa pamoja na udongo wa shinani mwake, mizizi isije ikakatika. Mtu anayefanya pupa akaupanda mche wake katika ardhi kavu, asiwe ametengeneza shimo wala kivuli, hana haki ya kuilaumu mvua mche unapokauka.

Basi ni ajabu kwamba watu wanaoutunza mche mmoja kwa uangalifu namna hiyo, mara nyingi huhamisha afisi nzima, yenye makarani, madereva, matarishi na jamaa zao, kwa barua moja ya mistari mitatu. Katika barua hiyo meza zimefikiriwa, makabati yamefikiriwa, na malori yamekwisha kuagizwa. Watu hawakufikiriwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wafanyakazi wapasavyo kutayarishwa afisi inapohama, na jinsi wao wenyewe wapasavyo kujitayarisha.

Nairobi ilivyoanza

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana mji wetu mkuu wenyewe ulitokana na afisi iliyohama. Mwezi wa Mei mwaka 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika katika uwanda wa majimaji ambao Wamasai waliuita kwa jina la maji baridi. Mwaka ule ule wakubwa wa reli wakahamisha makao yao makuu kutoka Mombasa mpaka hapo. Bwana John Ainsworth naye akahamisha makao ya utawala wa Ukamba kutoka Machakos akaja Nairobi. Mwaka 1905 Serikali yenyewe ikaifuata reli, ikaiacha Mombasa.

Kwa reli mahali hapo palikuwa pazuri sana, kwa sababu palikuwa tambarare, na mbele yake ndipo mlima mkali wa kuelekea Bonde la Ufa ulipoanza. Kwa watu palikuwa pabaya, maana maji hayakuwa na njia ya kutoka. Watu walikaa kwa kusongamana, na mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ukazuka, hata soko la Wahindi likateketezwa kwa moto ili kuuzuia. Funzo lake ni hili: anayechagua mahali kwa kutazama mashine na mizigo peke yake, baadaye atalipa gharama ya kuwasahau watu.

Habari ya Dodoma

Mfano mwingine ulio karibu nasi ni wa jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya Serikali yahame kutoka Dar es Salaam, ulioko pwani, yaende Dodoma, katikati ya nchi. Mamlaka maalum ya kuujenga mji ikaundwa, na kazi ikakadiriwa kuchukua miaka 10. Miaka 10 ikapita, ikapita na mingine mingi. Bunge lilikwenda kufanya mikutano yake Dodoma, lakini wizara ziliendelea kukaa pwani. Fedha zilikuwa haba; tena ni vigumu kumwambia mtu mwenye nyumba, shule ya watoto na biashara ya mkewe Dar es Salaam kwamba aende mahali ambapo vitu hivyo havijawa tayari.

Mwezi wa Julai mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma kabla ya mwaka 2020. Safari hii kazi ilikwenda kwa awamu, wala si kwa mkupuo mmoja. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangulia mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alifuata mwezi wa Desemba mwaka 2017. Mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Mwaka 2019 afisi za kwanza za wizara zikafunguliwa Mtumba, nje ya mji, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Rais mwenyewe akahamia. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na safari ile ndefu ikawa fupi.

Katika habari hii tuangalie mambo mawili. La kwanza, wakubwa walitangulia. Karani akimwona mkubwa wake amekwisha kuhama, hujua kwamba neno hili si maneno matupu. Lakini mkubwa akibaki nyuma huku akiwahimiza wadogo waende, hakuna atakayemwamini. La pili, tarehe ya mwisho ilitajwa. Mtu aliyepewa tarehe aweza kupanga mambo yake. Mtu aliyeambiwa "siku moja tutahama" hapangi neno lolote, na kwa kweli hata akitaka kupanga hawezi.

Wajibu wa mkuu wa afisi

Wajibu wa kwanza wa mkuu wa afisi ni kusema mapema. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkuu akinyamaza, tarishi atakuwa ameiona barua mezani, dereva atakuwa amesikia neno garini, na kabla ya jua kutua afisi nzima itakuwa imejaa uvumi: huyu asema nusu ya watu watafukuzwa, yule asema mshahara utapunguzwa. Walio hodari, ambao hawakosi kazi mahali pengine, ndio watakaotangulia kuondoka. Heri mkuu awakusanye watu wote, wa cheo cha juu na cha chini pamoja, awaambie mambo manne: kwa nini tunahama, tunahamia wapi, lini, na nani atalipa nini. Kama kuna jambo ambalo bado halijaamuliwa, aseme wazi kwamba halijaamuliwa, na ataje siku atakayoleta jawabu.

Wajibu wa pili ni kuuliza. Kila mfanyakazi aulizwe faraghani habari za nyumbani kwake. Yuko anayemtunza mama mzee. Yuko ambaye mkewe ni mwalimu au muuguzi, naye hawezi kuacha kazi yake kwa sababu ya barua ya afisi ya mumewe. Yuko ambaye mtoto wake anakaribia mtihani mkubwa. Mara nyingi shida ya namna hii huondoka kwa kuchelewesha safari ya mtu mmoja kwa miezi mitatu tu. Lakini mkuu asiyeuliza hatajua, na asiyejua atalazimisha.

Wajibu wa tatu ni kuwapeleka watu wakapaone mahali penyewe kabla ya siku ya kuhama. Wachaguliwe wachache wanaoaminiwa na wenzao, waende wakatazame bei ya nyumba, shule, zahanati, soko, maji na gari la kwendea kazini, kisha warudi wawaeleze wengine. Maneno ya karani mwenzao yataaminiwa kuliko karatasi ya rangi iliyopigwa chapa na wakubwa.

Wajibu wa nne ni wa sheria. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mahali pa kazi paandikwe katika mkataba wa mfanyakazi. Jambo kama hilo likibadilika, mwajiri hana budi kushauriana na mfanyakazi, kuurekebisha mkataba, na kumjulisha kwa maandishi. Sheria hiyo pia yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ifaayo karibu na kazi, au amlipe fedha za kutosha kupangia nyumba, isipokuwa kama mshahara wenyewe umekwisha kuhesabiwa pamoja na kodi hiyo. Na ikiwa baadhi ya watu watapoteza kazi kwa sababu nafasi zao hazipo tena, mwajiri lazima atoe taarifa, pamoja na kumjulisha afisa wa kazi, muda usiopungua mwezi mmoja, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi mtu huyo. Hii si hisani ya tajiri. Ni haki iliyoandikwa.

Wajibu wa mfanyakazi

Lakini haifai kumwachia mkuu kila kitu. Mfanyakazi naye ana sehemu yake, na sehemu ya kwanza ni kukaa na jamaa yake akazungumza nayo. Wako wanaume wanaoificha habari ya kuhama mpaka wiki ya mwisho, wakidhani wanaepuka ugomvi. Kumbe ugomvi wanauahirisha tu, na ukiahirishwa huongezeka. Mke na mume wakiketi pamoja wakaandika katika karatasi hasara na faida, wataona kama ni heri jamaa yote kuhama, au baba atangulie na wengine wafuate shule zikifungwa, au kazi hiyo iachwe.

Sehemu ya pili ni hesabu. Mtu wa nyumba mbili ana matumizi mawili: kodi mbili, mafuta mawili, na nauli ya kwenda na kurudi kila mwisho wa mwezi. Nyongeza ya mshahara iliyoonekana kubwa siku ya kutangazwa yaweza kumalizika katika nauli. Na asikope fedha kwa kutegemea posho ambayo bado hajaiona.

Sehemu ya tatu ni shamba. Wengi wetu ni makarani mchana na wakulima jioni, na mwenye shamba la chai au ng'ombe wa maziwa hawezi kulifunga kama afungavyo dawati. Lazima aamue ni nani atakayesimamia, atalipwa kiasi gani, na hesabu itatolewa lini. Ayaandike makubaliano hayo hata kama msimamizi ni ndugu yake wa tumbo moja. Ndugu wengi wamekosana kwa hesabu ambayo haikuandikwa. Na akihamia mahali pageni, asidhani kwamba mvua za huko ni kama za kwao. Mtu aliyezoea mvua za masika na za vuli akifika Dodoma atakuta msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, kisha ukame mrefu. Wagogo wenyeji wa huko wajua kwa nini wanapanda mtama na uwele; na mgeni mwenye akili atauliza kwanza kabla ya kununua mbegu.

Sehemu ya nne ni karatasi. Mwaka 1967 ilipoundwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake makuu yaliwekwa Arusha, shirika la bandari likapelekwa Dar es Salaam, na la posta na simu likapelekwa Kampala. Reli na ndege zikabaki Nairobi. Watu wengi wakahamia nchi zisizo zao ili kufuata kazi. Mwaka 1977 Jumuiya ile ikavunjika, na madai ya malipo ya wazee waliokuwa wakiitumikia yakaendelea kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kila mfanyakazi aweke nyumbani kwake nakala ya barua ya kuajiriwa, barua ya kuhamishwa, na vyeti vya mishahara. Masjala yaweza kupotea njiani, lakini haki ya mtu isipotee pamoja nayo.

Siku ya kuhama

Kila sanduku lipewe namba, na namba hiyo iandikwe katika daftari pamoja na jina la chumba litakapowekwa. Majalada yanayotumika kila siku yapakiwe mwisho ili yafunguliwe mwanzo. Habari zilizo katika kompyuta zifanyiwe nakala, na nakala hiyo isisafiri katika gari moja na kompyuta zenyewe.

Zaidi ya yote, wakumbukwe watu wanaohudumiwa. Mkulima aliyeamka alfajiri, akapanda matatu mbili kuja kuuliza habari ya hati ya shamba lake, asikute mlango una kufuli na asiwepo wa kumwambia neno. Tangazo litolewe mapema katika mabaraza ya machifu, makanisani, misikitini na redioni. Na mtu mmoja abaki katika afisi ya zamani kwa miezi michache ili awaelekeze watu. Fedha za mtu huyo mmoja ni kidogo mno zikilinganishwa na heshima ya afisi itakayopotea.

Turudi basi kwa ule mche wetu. Hata mche uliohamishwa vizuri husinyaa siku za kwanza, na mkulima mwenye uzoefu haogopi. Huumwagilia na kuusubiri. Vivyo hivyo wafanyakazi waliofika mahali pageni watakuwa wazito kwa mwezi mmoja au miwili, na mkuu mwenye busara hatawahesabia siku hizo kuwa uvivu. Akiwa alichimba shimo mapema na kuilinda mizizi, atawaona wakichipua. Na kama hakufanya hivyo, malori yatakuwa yamefika na mizigo yote salama, lakini afisi yenyewe itakuwa imebaki kule ilikotoka.