Mizani ya Mama wa Pacha

Katika enzi za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi hakutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji kabla mzigo wake haujapimwa. Karibu frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32, ndio uliokuwa mzigo wa mtu mmoja. Ndugu zetu wa Visiwani wanaijua habari hiyo, kwani biashara ya njia ile ilikuwa na makao yake Unguja. Leo twauliza: je, mama anayebeba watoto wawili tumboni hupimwa kwa uangalifu kama ule?

Pacha ni furaha. Tabora huwaita Kulwa na Doto. Visiwani mara nyingi ni Hassan na Hussein. Lakini mimba ya pacha huzidisha hatari ya kifafa cha mimba mara mbili hadi tatu, na uzito mkubwa wa mama kabla ya kushika mimba huongeza hatari hiyo. Mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 77 amekwisha kufikia kiwango cha unene uliopindukia. Sisi tumezoea kuuita unene huo neema. Hapana budi tuambiane kweli.

Hata hivyo, wembamba si kinga, wala mja mzito asijinyime chakula ili apungue. Linalotakiwa ni apimwe mapema na mara kwa mara. Baada ya wiki 20, shinikizo la damu la 140 kwa 90 pamoja na protini katika mkojo ni dalili ya hatari. Aidha, kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, uso kuvimba na uzito kupanda ghafla visingojewe hadi kesho.

Dawa zipo. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limeshauri aspirini kidogo, miligramu 75 kwa siku, ianzwe kabla ya wiki 20 kwa walio katika hatari kubwa, wakiwamo wenye mimba ya pacha. Mganga ndiye wa kuiandika. Nayo magnesiamu salfeti, kwa utafiti uliotangazwa 2002, hupunguza degedege kwa zaidi ya nusu.

Basi mwito wetu kwa viongozi ni huu: kila zahanati, iwe Sikonge, Kaliua au Micheweni, iwe na mizani, kipima shinikizo na vipimo vya mkojo, na usafiri wa kumfikisha mama hospitali. Mzigo wa tajiri ulipimwa. Uhai wa mama usikisiwe kwa macho.