Mustang ya turubai: faida imelala kwenye spea

Machi 1966 Ford ilikuwa imeshatoa kiwandani Mustang ya milioni moja, na hata miaka 2 ilikuwa haijatimia tangu gari hilo lizinduliwe New York, Aprili 17, 1964, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Kwa toleo la 1965 peke yake, zile za paa la turubai linalokunjwa zilizidi 100,000. Wingi huo ndio mtaji wa biashara inayoshamiri Marekani hadi leo: kuchukua gari la zamani, kuliachia sura yake, kisha kulifunga injini, giaboksi na breki za kisasa. Gari adimu halizai soko la spea. Lililouzwa kwa maelfu kwa maelfu huzaa, kwani mwenye kiwanda ana hakika kwamba atakachotengeneza kitapata mnunuzi.

Na wauzaji wamejaa. Tremec ya Mexico inatoa giaboksi za gia 5 na 6. Wilwood ya California inatoa breki za diski. Ford yenyewe inauza injini mpya ikiwa ndani ya kasha lake: V8 ya lita 5.0 iitwayo Coyote, iliyoingia kwenye Mustang ya 2011 ikiwa na nguvu farasi 412 na kufikia 460 katika toleo la 2018. Holley ya Kentucky, iliyojenga jina kwa kabureta, siku hizi inauza mifumo ya kupuliza mafuta kwa kompyuta inayokaa pale pale kabureta ilipokuwa; mwaka 2020 ikainunua Drake, wauzaji wa spea za Mustang za zamani, na 2021 hisa zake zikaingia soko la New York. Hata bodi tupu ipo. Mwaka 2011 Ford iliidhinisha bodi mpya ya Mustang ya turubai ya 1964 hadi 1966, inayotengenezwa na Dynacorn, kwa takriban dola 15,000.

Sheria nayo imeacha mlango wazi. California, jimbo lenye masharti makali ya moshi, haiyapimi magari ya 1975 kurudi nyuma katika ukaguzi wake wa kawaida. Na sheria ya Bunge la Marekani ya 2015 inaruhusu kiwanda kidogo kuunda nakala zisizozidi 325 kwa mwaka za magari yenye miaka 25 au zaidi, ingawa kanuni za kuitekeleza zilichelewa sana.

Ugumu wote uko gereji. Mustang hii haina chesisi ya kujitegemea; bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Ukiiondolea paa, umeiondolea nguzo kubwa, na Ford ililijua hilo, ndiyo maana ile ya turubai ilitoka na vyuma vya ziada chini ya milango na sakafuni. Vyuma hivyo vilipigiwa hesabu ya injini za enzi hizo. Fundi anayefunga injini ya farasi 460 bila kwanza kuongeza vyuma sakafuni atakuja kuona mwanya wa mlango umepinda, na siku moja mlango hautafunga.

Kisha kuna upana. Coyote ina kamshafti 4, zote juu ya vichwa vya injini, kwa hiyo imetanuka kuliko V8 ya zamani. Ndani ya boneti ya Mustang ya 1965 kuna kuta mbili za chuma zinazobeba springi za mbele, na injini hiyo haipiti katikati yake. Mafundi wengi hukata kuta hizo, huchomelea fremu mpya, na kufunga suspensheni ya mbele iliyofuata muundo wa Mustang II ya 1974. Baada ya hapo zinafuata tangi la mafuta lenye pampu ya shinikizo kubwa, rejeta kubwa, mabomba mapya ya ekzosi na nyaya upya gari zima. Injini yenyewe ni karibu dola 10,000. Saa za fundi ndizo zinazokula pesa.

Hapo ndipo hesabu inapowageuka wengi. Muuza giaboksi amelipwa siku alipouza. Gereji imelipwa kwa saa. Bima pia ina fungu lake, maana kampuni kama Hagerty hukata bima kwa thamani waliyokubaliana na mwenye gari. Anayebaki na mzigo ni mwenye gari, ambaye akilipeleka mnadani Scottsdale, Arizona, mara nyingi harudishiwi alichomwaga. Revology ya Orlando, Florida, imepita njia nyingine: inaunda Mustang za mtindo wa zamani kwa mfululizo, zenye injini ya Coyote, na kuziuza kwa zaidi ya dola 200,000 kila moja. Ikirudia kazi ileile, usanifu uliolipiwa mara moja unatumika kwa magari mengi. Gereji ya gari moja moja haina nafuu hiyo.

Kwangu mimi, pesa ya kwanza iende kwenye breki. Gari la 1965 lina masta silinda ya njia moja. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote 4 yanakosa breki. Masta silinda ya njia mbili na diski za mbele ni gharama ndogo kuliko zote hizi, na hazikati chuma chochote cha asili.

Na kabla ya kukata, soma namba ya gari. Kwa Mustang za 1965 na 1966, tarakimu ya 3 na ya 4 zikiwa 08, bodi ilizaliwa na turubai. Alama ya 5 ni ya injini. Ukikuta T, ni silinda 6 za kawaida: hiyo ndiyo ya kufanyia kazi hii. Ukikuta K, ni V8 ya farasi 271 ambayo wakusanyaji wanaisaka. Hiyo usiikate, irudishe kama ilivyotoka kiwandani.